Dakika Saba za Mkwe Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama katikati ya uwanja wa Sumbergayam, kipyenga mdomoni, vijiji viwili vinanitukana kwa zamu. Kuna wasomaji wameuliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbilia wapi na goti hili?

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Kasdi wa kijiji cha Watulumbu, mwamuzi wa mpira. Nilifika mpaka ligi ya mkoa kabla goti halijanirudisha kijijini. Mke wangu akatangulia mbele ya haki. Binti yangu wa pekee, Wening, mchumba wake wa kwanza akaingia mitini sahani za harusi zikiwa zimeshakodiwa. Hayo nimekwisha kuyasimulia na sina nguvu ya kuyarudia.

Kisha Mungu akatukumbuka. Akaja Prayit wa Sumbergayam, kijana mtulivu, beki wa kati, hana makuu. Baba yake, Pak Ngadiran (huku kwetu mwanamume mkubwa huitwa Pak, mwanamke Bu), ndiye mwenye mabwawa ya kambare kando ya uwanja, na ndiye mwenye timu. Ndoa tuliipanga Mfunguo Tatu, kabla Prayit hajapanda ndege kwenda Korea kufanya kazi kiwandani.

Halafu, mwezi mmoja kabla ya ndoa, vijiji vyetu viwili vikakutana fainali ya kugombea fahali.

Sumbergayam wakasema, "Achezeshe Kasdi. Ni mkwe wetu, hatatuonea."

Watulumbu wakasema, "Achezeshe Kasdi. Ni damu yetu, hatatuuza."

Nikakubali. Miaka ilikuwa imepita sijachezesha fainali, na mdomo uliniwasha. Laiti ningesema naumwa.

Sasa nisikilizeni, maana leo nafika pale ambapo nimekuwa nikipaogopa tangu nianze kusimulia.

*

Huku kwetu mpira wa vijiji una saa yake. Unaanza jua likilegea, unakwisha dakika tisini zikitimia au ngoma ya msikitini ikipigwa kwa ajili ya magharibi, lolote litakalotangulia. Habari za dakika za majeruhi hakuna anayezijua wala anayezitaka. Ngoma ikilia, mwamuzi anapuliza, watu wanachukua kandambili zao wanakwenda kuswali. Aliyekuwa mbele ndiye mshindi, na wakitoka sare, ushindi ni wa timu ya wageni.

Siku ile tulichelewa kuanza, kwa sababu mgeni rasmi alihutubia juu ya usafi wa mitaro mpaka wachezaji wakakaa chini. Kwa hiyo mkwe wangu Pak Ngadiran, akiwa mbele kwa goli moja, alibakiwa na kazi moja tu, kuula muda mpaka ngoma ilie.

Na aliula. Mpira ukitoka unaangukia bwawani kwake, na anayekwenda kuutoa anatembea mwendo wa bibi harusi. Kipa wake alikufa mara mbili akafufuka. Beki wa kulia aliinama kufunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba. Pak Ngadiran mwenyewe aliingia uwanjani na birika, akawanywesha wachezaji wake mmoja mmoja, mwisho akaniletea na mimi.

"Kunywa, mkwe. Umekauka."

"Pak Ngadiran, toka uwanjani."

"Maji tu haya. Nayo yana kadi?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka moyoni, sitaficha. Alikuwa mtu ambaye huwezi kumkasirikia ukiwa umemtazama usoni.

Lakini upande wa pili, kwenye kamba, alikuwepo Lasiman, seremala wa kwetu Watulumbu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Lasiman ana sauti inayotoboa bati.

"Kasdi! Umeshapokea nini? Wening mahari yake ndiyo huyu fahali?"

Upande mzima ukaangua kicheko.

"Mwache, anamwozesha binti kwa dakika zetu!" mwingine akaongeza.

Ndugu zangu, nitukaneni mimi, goti langu, hata marehemu baba yangu. Lakini jina la Wening litafunwe na wavuta sigara kando ya kamba, hilo lilinichoma. Kila mpira ulipokwenda bwawani nikaanza kuisimamisha saa yangu. Kila kipa alipolala nikaisimamisha. Nikajiambia, leo wataona mwamuzi wa ligi ya mkoa ni mtu gani.

Haikuwa haki peke yake iliyonisukuma. Ilikuwa haki na hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa imeshika usukani.

Dakika tisini zikatimia. Ngoma ilikuwa bado. Nikanyanyua mikono miwili juu, nikaonyesha vidole saba.

Halafu Watulumbu wakapiga yowe, na Pak Ngadiran akaja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine ameiacha njiani.

"Mkwe, saba za nini?"

"Za kwako, Pak. Ulizila, sasa unazilipa."

"Tangu lini hapa watu wakaongeza dakika?"

"Tangu lini hapa kipa akafa mara mbili?"

Alinikodolea macho. Uso wake ulikuwa mwekundu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Akashusha sauti.

"Kasdi, ibaki kati yetu sisi wawili. Watoto wetu wanaoana. Piga filimbi, tukaswali, wewe na mimi tutacheka haya mambo siku ya harusi."

"Toka nje ya chaki, Pak Ngadiran."

"Unanifukuza mimi?"

"Namfukuza mwenye timu. Mkwe wangu nitamwona baadaye."

Alitoka. Akaenda kukaa kwenye kiti chake cha plastiki, pembeni ya mstari, mkono mmoja kifuani. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nimeyarudia kichwani mpaka yameota sugu.

*

Hapa kuna jambo sikuwaambia katika sehemu zote zilizopita. Nilidhani nitaweza kulipita kimya kimya. Siwezi.

Siku ya kupeana pete, wanawake wakiwa sebuleni na vyungu vyao, Pak Ngadiran alinivuta uani kwake, karibu na mapipa ya chakula cha samaki. Alikuwa na kikombe cha kahawa nyeusi.

"Mkwe, nikuambie kitu, kiishie hapa."

"Sema."

"Moyo wangu mbovu. Daktari wa mjini kanipima. Kasema nisipandwe na hasira, nisikimbie, nisinywe kahawa." Akapiga funda. "Mke wangu Sarpi hajui. Prayit hajui. Prayit akijua hatakwenda Korea, na Sarpi akijua nitakula uji mpaka nife."

"Sasa mbona unaniambia mimi?"

"Lazima mtu mmoja ajue. Na wewe ni mwamuzi, umezoea kukaa na mambo peke yako."

Nikamwapia kwamba sitasema. Tukarudi ndani tukala wali wa manjano.

Kwa hiyo mimi nilijua. Katika uwanja mzima ule, na kelele zote zile, mtu aliyejua ni mmoja.

*

Dakika za nyongeza zilikuwa zimefika katikati. Watulumbu wamejazana mbele ya goli la Sumbergayam. Prayit anaokoa kwa kichwa, anaokoa kwa goti, anapanga wenzake kwa mikono.

Nikasikia kishindo cha kiti.

Nikageuka. Pak Ngadiran alikuwa ameanguka ubavu, kiti kimemlalia mguuni. Alikuwa nje ya chaki. Mkono mmoja umekamata shati, mwingine anaunyanyua kuelekea kwangu.

Upande wa Watulumbu wakashika mbavu.

"Haya, sasa na baba mtu!"

"Mpeni mto alale!"

"Mleteeni birika lake!" Huyo alikuwa Lasiman.

Prayit akaacha nafasi yake, akapiga hatua kuelekea kando, akanigeukia mimi, mkono juu.

"Pak, simamisha. Baba kaanguka."

Nilimtazama mzee chini pale. Niliukumbuka ule ua wake na kahawa, ndiyo, niliukumbuka. Lakini nilimkumbuka pia kipa aliyefufuka na kiatu kisicho na kamba. Nilikumbuka birika. Na nilisikia Lasiman akisema, "Ngoja uone, atasimamisha. Mkwe ni mkwe."

"Yuko nje ya uwanja," nikamwambia Prayit. "Sheria haisimamishi mpira kwa mtu aliye nje. Cheza."

"Pak, tafadhali."

"Cheza, Prayit."

Nikapunga mkono, endelea.

Kijana yule kalelewa. Hajawahi kunipinga hata kwenye chai. Mwezi mmoja baadaye ningekuwa baba yake wa pili. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye nafasi yake. Lakini macho yake yalibaki kule kando, na mpira ulipokuja ukampita miguuni kama hauoni, ukamkuta mtu wetu, ukaingia: sare, na sisi ndio wageni.

Ngoma ya msikitini ikalia pale pale.

Watulumbu wakavamia uwanja. Wakanibeba. Nimechezesha mpira zaidi ya nusu ya umri wangu, sijawahi kubebwa. Kwa juu ya mabega yao ndipo nilipomwona Wening. Alikuwa amepiga magoti kando ya uwanja, kichwa cha Pak Ngadiran mapajani mwake, anampangusa uso kwa ncha ya mtandio. Alikuwa hamwiti tena. Alikuwa anampangusa tu.

"Nishusheni," nikasema.

Hawakusikia. Walikuwa wanaimba jina langu.

*

Alfajiri, Watulumbu walikuja mlangoni kwangu. Lasiman mbele, kofia mkononi, na nyuma yake vijana wawili wanamvuta yule fahali.

"Tunampeleka Sumbergayam," Lasiman akasema. "Achinjwe kwenye kisomo cha marehemu."

"Mmefanya la maana."

Akakuna shingo. Hakunitazama.

"Na tumekaa, wazee. Tumeona lile goli tulifute. Mpira uliisha dakika tisini, Pak Kasdi. Sumbergayam ndio washindi. Zile dakika nyingine... tumesema hazikuwepo."

"Hazikuwepo vipi, Lasiman? Si ndizo ulizokuwa unazililia?"

"Nilikuwa nashangilia timu. Mwamuzi ni wewe."

Akaondoka na fahali wake. Nikabaki nimeshika mlango. Walizidai kwa matusi, walizishangilia, wakanibeba kwa ajili ya hizo, na sasa wamezifuta. Mimi peke yangu ndiye niliyeachiwa hizo dakika. Mtu amekufa ndani ya dakika zisizokuwepo, na saa iliyozihesabu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Sikuwa nimeketi vizuri, akaja mdogo wake Pak Ngadiran na pikipiki. Nilidhani amekuja kunipiga. Nilitamani anipige.

"Pak Kasdi, vaa. Mvalishe na binti."

"Kwenda wapi?"

"Unajua desturi. Mzazi akiwa hajatolewa ndani, mwana anaweza kuoa mbele yake. Jeneza likishavuka kizingiti, ni kusubiri mpaka mwaka ugeuke. Na Prayit tiketi yake ni ya mwezi ujao. Akiondoka hajaoa, harudi kwa miaka. Nani atamsubiri nani?"

"Prayit mwenyewe amesemaje?"

"Prayit hajafungua mdomo tangu jana. Mama yake ndiye aliyesema mlete."

"Bu Sarpi amesema nije mimi?"

"Wewe si ndiye walii? Nani mwingine atamwozesha, mimi?" Akawasha pikipiki. "Maziko ni kabla ya adhuhuri. Msichelewe."

Wening alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia yote. Macho yamemvimba, nguo ya jana bado mwilini, na kwenye mtandio wake doa la udongo wa uwanjani.

"Nilikuona, Baba," akasema. "Ulipopunga mkono."

"Najua."

"Ulidhani anajiangusha."

Akakaa chini kwenye kigoda cha mama yake.

"Kila mtu alidhani. Hata mimi mwanzo nilicheka. Nilisema, huyu mzee leo atatuvunja mbavu. Nilipokwenda kumnyanyua ndipo nikaona midomo yake." Akajifuta pua. "Usijitese. Huwezi kuhukumiwa kwa usichokijua."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu. Ningesema, mwanangu, mimi nilijua. Lakini nilimwona alivyokuwa akinitazama, kama mtu anayenishika mkono kunivusha, nikaogopa atauachia.

"Kavae, mwanangu," nikasema. "Tunachelewa."

Akavaa kebaya nyeupe ya mama yake, blauzi ya sherehe. Ile ya harusi ilikuwa bado kwa fundi, upande mmoja hauna mkono.

*

Nyumba ya Pak Ngadiran ilijaa mpaka kwenye mabwawa. Tulipopita, watu walipisha njia bila kunitazama. Fahali alikuwa amefungwa kwenye mnazi, anatafuna majani bila wasiwasi.

Mwili ulikuwa sebuleni juu ya benchi, umeshakafiniwa, juu yake batiki ya kahawia. Udi unafuka. Mbele yake wametandika mkeka na kimeza kidogo. Imamu wa kijiji alikuwa ameshakaa. Prayit alikuwa ameshakaa. Amevaa koti jeusi la baba yake, mikono imemzidi.

Bu Sarpi, mama yake, alikaa kichwani kwa maiti. Mwanamke mdogo wa umbo, kimya, ambaye siku zote nilimjua kwa vicheko vya jikoni. Nikainama mbele yake mpaka paji likagusa mkeka.

"Bu Sarpi, nisamehe."

"Kaa, Pak Kasdi," akasema. "Imamu ana haraka."

Wening akakaa nyuma yangu na wanawake. Nilisikia bangili zake.

Imamu akasafisha koo. Akasoma aliyosoma kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Walii ampe mkono bwana harusi."

Nikaunyoosha. Prayit akautoa wake. Ulikuwa baridi, mkavu. Ni mkono ule ule aliouinua uwanjani kuniambia simamisha.

Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima kabla ya fainali, bafuni, nikijimwagia maji, nikiwaza nitakavyolia kwa furaha. Nimekuozesha binti yangu Wening. Mepesi kabisa. Nikafungua mdomo.

"Subirini kidogo," Bu Sarpi akasema.

Imamu akageuka. "Bibi, jua linapanda. Wachimba kaburi wameshamaliza."

"Dakika moja tu, Imamu. Mume wangu hana anapokwenda."

Akaingiza mkono chini ya kanga yake akatoa mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na pakiti za vidonge, nyingine zimeisha, nyingine hazijaguswa. Akauweka juu ya kimeza, kati ya mkono wangu na wa mwanawe.

"Nimevikuta kwenye pipa la chakula cha samaki. Muuguzi wa hapa kaniambia ni vya moyo. Vya muda mrefu." Akaugeuza mfuko. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi kimemuumbua. Mimi simlaumu, alikuwa anaogopa uji wangu."

Mtu mmoja alicheka kidogo kisha akalia. Bu Sarpi hakulia.

"Lakini nimeishi na Ngadiran ujana wangu wote. Huyu mtu alikuwa hawezi kukaa na siri peke yake. Akinunua kambare wabovu lazima amwambie mtu. Akiota ndoto mbaya lazima amwambie mtu. Mimi hakuniambia. Mwanawe hakumwambia. Ndugu zake nimewauliza wote usiku kucha, hakuna." Akanitazama. "Siku ya pete mlikwenda uani, wewe na yeye. Karibu na lile pipa. Mkakaa."

Nyuma yangu bangili zilikuwa zimenyamaza.

"Sitaki kugombana mbele yake," Bu Sarpi akaendelea. "Nataka kujua tu kabla sijakupa mwanangu. Alikuambia?"

Imamu akaangalia saa yake, halafu akaona aibu, akaifunika kwa mkono wa kanzu.

Niwaambie nilichofikiri, maana niliahidi kusema yote. Nilifikiri nitasema hapana. Neno moja, kila kitu kinakwenda. Wening anaolewa, Prayit anakwenda Korea ana mke, mimi nabaki na yangu kifuani kama nilivyozoea. Na Ngadiran pale chini ya batiki, yeye ndiye aliyetaka kiishie uani. Ningekuwa ninatimiza kiapo. Nilikuwa nimeshaupanga ulimi.

Ndipo Prayit akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Pak." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi niliondoka kwenye nafasi yangu, nikarudi. Nilirudi kwa sababu wewe ulisema cheza. Nilijiambia, Pak Kasdi angeona hatari angesimamisha. Yeye anajua." Akaitazama batiki. "Nikacheza mpira baba yangu anakufa. Sasa niambie. Uliposema cheza, ulikuwa unajua moyo wake?"

Uongo mwingine wowote ningeweza kuusema, hata mbele ya maiti. Huo sikuweza. Ningesema sikujua, mtoto yule angebeba kosa lote peke yake mpaka Korea na kurudi.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Nje, mtu aliyekuwa dirishani akauliza, "Kasemaje?" na hakuna aliyemjibu.

Mkono wa Prayit ulikuwa bado ndani ya wangu. Hakuutoa. Wala hakunishika. Bu Sarpi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya batiki, anaulaza mkunjo mmoja kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepiga pasi.

Imamu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Basi tuendelee, au tumtoe marehemu?"

Nilimtazama Prayit. Prayit alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kule walikokaa wanawake.

Nyuma yangu nikasikia bangili za Wening. Alikuwa anasimama.